Asali Iliyotembea Yenyewe

Tangu mashine iliposhushwa kwenye lori, Jeska hakula akashiba. Ugali ulimkwama kooni, akausukuma kwa maji, na mumewe Gervasi alipouliza, akajibiwa kwamba ni tumbo. Gervasi akamtafutia majani ya kuchemsha. Jeska akayanywa, machungu ya kukunja uso, huku akijua vizuri kwamba kinachomsumbua hakikai tumboni.

Aliyemtia wasiwasi huo ni bosi mwenyewe, Parvez, mtoto wa mzee Fazal mwenye duka la jumla Tabora mjini. Banda la asali hapo Ulyankulu lilikuwa lake. Siku ile, wapakuzi wakiwa bado wanahangaika na kamba, Parvez alimwita Jeska pembeni, kwa kuwa Jeska ndiye kiongozi wa wanawake wa banda. Akamweleza taratibu, bila ukali. Wanunuzi wa Dar es Salaam hawaitaki tena asali ya kuchujwa kwa kitambaa. Wanataka inayong'aa kama kioo, ndoo ya kwanza na ya mwisho rangi moja. Mwisho wa mwezi angekuja kuchukua mzigo wa kwanza wa mashine. Mzigo ukiwa sawa, mashine inabaki na wanawake wote wanabaki. Ukiharibika, anaibeba anaipeleka Cheyo, kule mjini, ambako alikwisha kuona chumba, na vijana waliosoma wapo wamekaa tu vibarazani. Hapo Ulyankulu pangebaki pa kupokelea masega, kazi ya mtu mmoja na mizani.

"Nimekwambia wewe kwa kuwa ndiye kiongozi," alisema. "Utakavyowaambia wenzako, hiyo ni juu yako."

Jeska akaitikia, na papo hapo akakata shauri kwamba hatawaambia. Aliwaza hivi: mwanamke aliyebeba maji kichwani, ukimpigia kelele kwamba akiyamwaga amekwisha, ndiyo kwanza ataanza kuyumba. Afadhali wafundishwe kwa utulivu, wasijue kitu, na ile hofu aibebe yeye peke yake. Mgongo wa kubebea anao. Ndivyo alivyojiambia, na ndivyo alivyoendelea kujiambia kila alipousogeza ugali mbali.

Kwa miaka yote kazi ya banda lile ilikuwa ya mikono. Wafugaji wa nyuki walileta masega kutoka msituni, wanawake wakayaminya juu ya kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye mdomo wa ndoo, na asali ikashuka kadiri mkono ulivyominya. Aliyechoka akipumzika, asali yake ilipumzika naye. Saa sita mchana kengele ya kanisa ilipolia, kila mmoja aliweka chini alichoshika, akasimama, akafumba macho, wakasali Malaika wa Bwana. Wazazi wao walikuja na sala hiyo kutoka Burundi. Waliisali mashambani jembe likiwa limesimama kwenye tuta, na watoto wao wakaileta bandani. Aliyeiongoza ni Bibi Esperansi, mkubwa kuliko wote, ambaye ndiye aliyemfundisha Jeska kuminya masega siku zile Jeska ni bibi harusi hajui hata kupuliza moshi.

Sasa Jeska huyo ndiye wa kumfundisha Bibi Esperansi. Jambo hilo peke yake lilimtoa jasho.

Mashine yenyewe haikuwa ya ajabu sana. Masega yalimwagwa kwenye pipa kubwa lenye joto, asali ikalainika, pampu ikaivuta na kuipitisha kwenye chujio, ikatokea upande wa pili kwenye koki ya chuma. Chini ya koki unaweka ndoo. Ikijaa unafunga koki, unaondoa ndoo, unaweka nyingine. Fundi aliyekuja nayo, Ngassa, Msukuma wa Igunga mwenye maneno mengi, alisema kwao kuna mashine za mpunga ambazo hii ni mtoto wao. Alikaa siku chache akiwafundisha asubuhi asubuhi, wakati umeme una nguvu, na kabla jua halijafika utosini alikuwa amekwisha kwenda kula kwa mwenyeji wake.

"Ng'ombe ukiacha kumkamua, anaacha kutoa," aliwaambia. "Huyu wa chuma haachi. Ukiondoka, yeye bado anatoa. Koki isikae bila jicho."

Wakacheka, wakasema wamesikia. Ngassa akapanda basi akaenda zake.

Siku za mwanzo baada ya fundi kuondoka zilikuwa mbaya. Jeska alikuwa akiagiza kwa sauti ya juu, jambo ambalo halikuwa desturi yake, na kadiri alivyoagiza ndivyo mikono ya wenzake ilivyogeuka vijiti. Mukeshimana, mwanamke mnene mwenye vichekesho, aliunguza kidole kwenye pipa, akarudi kukaa kwenye kitambaa chake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja kama waliopeana neno. Aliyebaki kwenye mashine ni Amne peke yake. Amne alikuwa ndiye mdogo kuliko wote na Mwislamu pekee bandani, mzaliwa wa Tabora mjini, aliyemfuata mumewe mwenye kibanda cha nguo sokoni. Yeye mashine ile aliizoea haraka kama aliyezaliwa nayo. Hilo halikumsaidia. Mukeshimana alimwita Mke wa Pampu, akamwuliza mahari yake ililetwa na lori lipi. Wenzake wakaangua kicheko. Amne alitabasamu akainamisha uso, lakini Jeska aliona jinsi anavyofuta mikono kwenye khanga muda wote, mikono isiyo na kitu.

Ndipo Jeska alipobadili njia. Aliacha kuagiza. Akashika koki yeye mwenyewe mbele ya wote, akakosea, akaijaza ndoo mpaka ikapita kiasi, akacheka, akafuta, akaanza tena. Akawagawa wawiliwawili: hawa kwenye pipa, hawa kwenye chujio, hawa kwenye ndoo, na kila mtu aseme kwa mdomo anachokifanya, nafungua, naangalia, nafunga, mpaka mdomo na mkono vizoeane. Mukeshimana aliigeuza kuwa wimbo wa kuchekesha, akautia na jina la mumewe ndani. Kicheko kikarudi. Ndoo zikaanza kupangana ukutani, zinang'aa.

Lakini Bibi Esperansi alibaki kwenye kona yake na kitambaa chake. Hakugomba. Alisema tu kwamba hiyo haigusi, na akaendelea kuminya. Jeska alijua bosi akimkuta pale, atauliza huyu anafanya nini, na hakutakuwa na jibu. Basi Jumapili baada ya misa akamfuata nyumbani kwake.

Alimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa naye akachambua pia. Walizungumza habari za mvua na za wajukuu. Mwishowe Jeska akamwomba, kwa maneno ya kuzunguka, ajaribu koki walau siku moja.

Bibi Esperansi aliinua ungo. Alipuliza makapi.

"Bosi amekwambia nini, Jeska?"

"Hajasema kitu, Bibi."

"Kama hajasema kitu, mbona umekonda?"

Jeska akacheka kicheko kikavu, akasema ni tumbo. Bibi Esperansi akamtazama, akamtazama tena, kisha akarudi kwenye maharage yake. Akasema vyema, kesho ampange, ila amfundishe polepole, kwa sababu yeye siyo Amne. Jeska alirudi nyumbani na furaha nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa uongo aliomwambia mtu aliyetoka kupokea Komunyo naye asubuhi hiyo hiyo.

Kesho yake Bibi Esperansi aliketishwa kwenye kigoda mbele ya koki. Alishika ule mkono wa chuma kama anayeshika kuku mgeni, asiyejulikana kama anadonoa. Jeska alichuchumaa kando yake. Nafungua. Naangalia. Nafunga. Ndoo ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa, na hata tone halikuanguka nje. Kufika saa nne Bibi alikuwa anasema maneno yale kwa Kirundi, kwa sauti ya chini kama anabembeleza mtoto. Mukeshimana akapiga kigelegele, akasema sasa Amne amepata mke mwenza. Hata Amne alicheka safari hii. Jeska alisikia njaa. Ilikuwa njaa ya kweli kabisa, ya kwanza tangu lori lile, naye akaona aibu kuisikia mapema hivyo, mzigo ukiwa bado haujatimia.

Ndoo tupu zilikuwa zimekaribia kwisha. Akamtuma Amne kisimani akaoshe nyingine.

Kengele ya kanisa ikalia.

Wote waliweka chini walichoshika. Bibi Esperansi aliinuka kwenye kigoda chake, akaitengeneza khanga yake, akafanya ishara ya msalaba, akaanza. Jeska alifumba macho pamoja na wenzake. Aliisikia pampu inavyovuma, na mvumo ule ukamwingia vizuri, kama sauti moja zaidi katika wale wanaoitikia. Alishukuru. Aliomba mwisho wa mwezi ufike wakiwa hivi hivi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliisali sala ile hadi mwisho bila kuruka neno.

Sauti ya Amne ndiyo iliyowafumbua macho. Alikuwa mlangoni, ndoo zikimwanguka mikononi. "Koki," alisema, na hapo hapo akakimbia, akateleza, akaenda kwa magoti mpaka kwenye mashine, akaifunga.

Asali haina kelele. Ingekuwa maji wangesikia. Ilikuwa imejaza ndoo, ikapita mdomo wake, ikashuka ubavuni polepole, ikatanda chini ya meza, ikazunguka miguu ya kigoda, ikafika kwenye mifereji ya sakafu na kuanza kutokea uani. Ilikuwa na joto bado. Ilimeremeta. Nyayo za Bibi Esperansi zilikuwa ndani yake hadi juu ya vidole.

Jeska alitazama nyayo zile. "Bibi," alisema, "hukuisikia?"

"Niliisikia." Bibi hakuondoa miguu. "Nilihisi mguu umeloa tukiwa katikati ya sala. Nikasema moyoni, ndoo imejaa imemwagika kidogo, basi. Si tumesimama? Nilijua nayo imesimama. Tangu lini asali ikatembea yenyewe sisi tumesimama?"

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alijua kwamba ndivyo naye angewaza. Hata Jeska. Ile pampu aliisikia kwa masikio yake mawili, na haikumjia kwamba kitu kinachovuma hivyo kinafanya kazi.

Nyuki wakaanza kuja. Waliingia mmoja mmoja dirishani, kisha makundi. Wanawake wakafunga khanga vichwani, wakachukua vibao na kuanza kukwangua sakafu. Mukeshimana akamsogelea Jeska, akamwambia sikioni kwamba asali si kitu cha kuoza, na chujio lipo. Wangeikusanya wakairudisha kwenye pipa, ikatoka ikang'aa kama zile nyingine, na nani angejua? Jeska alizitazama ndoo za chini ukutani, akazitazama za juu. Pengo lilikuwa kubwa. Mzigo usingetimia kwa siku zilizobaki, hilo lilionekana hata bila kupima. Neno la Mukeshimana lilikuwa karibu, rahisi, na wote walikuwa wanangoja, vibao mikononi, wasikie atakavyojibu.

"Hapana," alisema. "Tumeikanyaga. Kuna mtu atampa mtoto wake mgonjwa."

"Basi tumwambie bosi nini?"

Hapo Jeska aliona hawezi kulibeba tena lile neno. Alikaa kwenye kigoda cha Bibi, viatu vyake vikigandamana na sakafu, akawaambia yote: mzigo wa kwanza, chumba cha Cheyo, mizani na mtu mmoja. Hakupunguza.

Wa kwanza kusema alikuwa Mukeshimana, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Aliuliza ina maana muda wote ule wanacheka na kuimba, mwenzao anajua wananing'inia? Mwingine akasema yeye amemlipia mwanawe shule ya bweni akijua kazi ipo. Mwingine akatoka nje. Jeska alijaribu kueleza kwamba aliogopa kuwatia hofu, na maneno yakatoka yamepauka.

"Hofu tulikuwa nayo," Bibi Esperansi alisema. "Tulikuona unavyokonda. Tulijua kuna kitu, hatukujua ni kipi, kila mtu akajitengenezea chake. Huko nje wanasema Amne ameahidiwa nafasi yangu. Ungetuambia, mimi ningeshika hiyo koki siku ya kwanza. Na leo nisingesimama."

Lilikuwa neno dogo, na halikusemwa kwa hasira. Jeska alitamani lingesemwa kwa hasira.

Mara gari likasimama uani. Parvez alikuwa Urambo kwa shughuli nyingine, akaona apitie, siku zikiwa bado kabla ya mwisho wa mwezi. Aliteremka, akapiga hatua mbili, nyuki wakamlaki, akarudi ndani akapandisha kioo. Jeska alimwendea akiwa amejifunika khanga, miguu imejaa asali na mchanga. Parvez alishusha kioo kidogo tu, upana wa kupitisha sauti.

Aliuliza kimetokea nini. Jeska akamweleza: kengele, sala, ndoo. Parvez alisikiliza, macho yakiwa kwenye mlango wa banda ambao asali ilikuwa inautokea. Hakufoka. Laiti angefoka.

"Nani alikuwa kwenye koki?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa. Bibi Esperansi alikuwa amesimama mlangoni, anasikia. Kumtaja ilikuwa rahisi: mzee, siku yake ya kwanza, mtu yeyote angeelewa, na siku yake ya kwanza ingekuwa ya mwisho. Wengine wote huenda wangepona.

"Aliyempanga ni mimi," Jeska alisema. "Nilimfundisha kufungua na kufunga ndoo inapojaa. Kufunga koki kengele inapolia sikumfundisha mtu, hata mimi mwenyewe sikujifundisha. Na jingine, bosi. Yale uliyoniambia ya Cheyo niliwaficha. Leo ndiyo wamejua. Wamefanya kazi kama watu waliofungwa macho, na aliyewafunga ni mimi."

Nyuki mmoja alitembea juu ya kioo, ndani na nje wakamtazama. Parvez akauliza iliyomwagika iko wapi. Jeska akamwonyesha: imewekwa kando kwenye madumu, haikurudishwa. Akauliza zile ndoo za ukutani zimechujwa na nani. Wote, Jeska akasema, hata huyo wa leo ana zake pale. Akauliza ni nani aliyeifunga koki.

"Amne."

"Amne alikuwa wapi wakati mnasali?"

"Nilimtuma kisimani. Siku nyingine zote yeye ndiye aliyebaki na koki tukisali, wala hatukuona."

Parvez akavuta pumzi. Akasema chumba cha Cheyo alikwisha kukilipia mwezi mmoja, na hela hiyo imekwenda. Akasema mashine hawezi kuihamisha msimu wa asali ukiwa katikati. Itabaki mpaka msimu uishe, na watu wote wabaki mpaka hapo, kisha ataangalia upya. Wanunuzi atawaomba wapokee pungufu. Jeska alikuwa anaanza kusema ahsante alipomwona anainua mkono.

"Ila wewe huwezi kuwaongoza tena. Siyo kwa asali. Asali inamwagika. Uliniitikia pale nje nikadhani tumeelewana. Amne ashike mashine na watu wake. Nenda ukawaambie, na safari hii uwaambie leo."

Kioo kikapanda. Gari likageuka, magurudumu yakiacha mistari ya kunata uani.

Jeska aliingia bandani bila hata kunawa miguu. Aliwaambia pale pale, mmoja baada ya mwingine akiwatazama usoni: kazi ipo mpaka msimu uishe, baada ya hapo hajui na hatajifanya anajua. Na kiongozi sasa ni Amne. Aliona Mukeshimana anafungua mdomo, akaona jina lile la Mke wa Pampu linakuja, akaliwahi. Alimgeukia Amne, aliyekuwa amesimama karibu na mashine, magoti yote yamechubuka, rangi imemtoka.

"Dada Jeska, mimi siwezi," Amne alinong'ona. "Hawatanisikiliza. Na mimi nina sala yangu ya adhuhuri, siku nikiwa kwenye mkeka je?"

"Hilo ndilo la kwanza la kuwaambia," Jeska alisema. "Sema unachokijua, sema na usichokijua. Usikibebe nyumbani."

Amne aliwageukia wenzake. Alisema kitu, hakuna aliyekisikia. Bibi Esperansi akamwambia apaze sauti, mwanangu, nyuki hawa wana kelele. Amne akafuta mikono kwenye khanga, akasema tena: kabla ya sala yoyote, ya mtu yeyote, koki inafungwa na pampu inazimwa, na aliyekaa kwenye koki ndiye anayesema tayari, ndipo wengine wanafumba macho. Mukeshimana alimtazama Jeska, akamtazama Amne, akauma mdomo wa chini.

"Na sasa hivi tuanzie wapi, kiongozi?" aliuliza, na neno lile la mwisho alilivuta kidogo, nusu mzaha.

Amne hakujua. Ilionekana wazi kwamba hajui. Macho yake yalizunguka banda zima, sakafu, ndoo, dirisha lililojaa nyuki, yakarudi kwa Jeska. Jeska akahisi mdomo wake unataka kujibu, jibu analo, liko tayari ulimini. Akaufunga. Akaokota kibao cha kukwangulia, akapiga magoti kwenye asali iliyoanza kupoa, akangoja aambiwe.

"Dirisha," Amne alisema mwishowe. "Kwanza tuzibe dirisha."